Koti la askari husomwa kwa ndani

Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa cherehani katika Mji wa Kale, Mombasa. Alishona kanzu na makoti, na mteja alipomletea nguo ya kurekebishwa hakuitazama rangi wala vifungo. Kwanza aliipindua. Alikuwa akiniambia, "Usitezame nde, mwanangu. Nde ni kwa watu. Tezama ndani, ndiko kwa fundi." Nilikuwa mdogo, na sikujua kwamba maneno hayo yangenifaa miaka mingi baadaye katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, nikiwa nimeinama juu ya koti la askari aliyekwisha kufa, nikitaka kujua kama nimetapeliwa dola 450.

Ohio nilipelekwa na sindano. Duka moja la kusafisha na kurekebisha nguo lilitaka fundi, nami nikawa fundi wao. Wateja wetu wengi walikuwa wanajeshi wastaafu au wajane wao. Huyu analeta koti lilegezwe kiuno apate kulivaa siku ya gwaride, yule anataka tepe za marehemu mumewe zikazwe kabla koti halijatiwa ndani ya kioo na kutundikwa sebuleni. Kwa kuyashika makoti hayo kila siku nikayazoea, kisha nikayapenda, na mwisho nikaanza kuyanunua.

Msomaji asiyewahi kufika huko huenda akashangaa kusikia kwamba nguo kuukuu za jeshi zina soko kubwa. Kila mwezi wa Februari, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, hufanywa maonyesho yaitwayo Show of Shows, na mtu anaweza kutembea kutwa nzima baina ya meza asizimalize. Hapa helmeti, pale makoti, kule beji za bega zimepangwa kama stempu. Beji hizo ndizo roho ya biashara. Inasemwa kwamba ya kwanza ilivaliwa na Divisheni ya 81 mwaka 1918, nayo ilikuwa na picha ya paka mwitu. Tangu hapo kila divisheni ikataka yake: ya 1 ina tarakimu moja nyekundu, ya 82 ina herufi mbili za A ndani ya duara, ya 101 ina kichwa cha tai kinachopiga kelele.

Sasa sikiliza kiini cha jambo. Koti la sufi la mwaka 1944 au 1945, lisilo na beji ya kutamanisha, nimepata kulinunua kwa dola 40. Koti hilo hilo likiwa na beji ya askari wa miavuli hupanda mpaka dola mia kadhaa. Baina ya bei mbili hizo hapana kitu ila kipande cha kitambaa kinachoenea katika kiganja cha mkono, sindano, na robo saa ya kazi. Shetani ahitaji nini zaidi?

NYUZI

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana habari hii. Nani kati yetu asiyeweza kuitofautisha kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono na ile ya mashine? Ukiipindua tu, kofia inajisema. Beji nazo ni hivyo hivyo. Zile za wakati wa Vita Vikuu vya Pili zilidariziwa kwa nyuzi za pamba, na ukingo wake ulikatwa tu, hata mara nyingine utaona vijinyuzi vimechungulia. Mtindo wa kuuzungushia ukingo uzi mnene, mfano wa ovaloki, ulienea baadaye, katika miaka ya sitini. Kwa hiyo mtu akikuletea koti la 1944 lenye beji ya ukingo wa namna hiyo, mshukuru, kisha rudi nyumbani na pesa zako.

Wakusanyaji hutembea na tochi ndogo ya mwangaza wa urujuani. Ukiimulika pamba ya zamani gizani, hukaa kimya. Nyuzi nyingi za siku hizi, na vitambaa vilivyotiwa dawa ya kung'arisha weupe, huwaka rangi ya buluu kama bahari yenye mwanga usiku. Wanaoanza huiamini tochi hiyo kupita kiasi. Sabuni za unga za leo zina dawa ile ile ndani yake, na koti halali lililofuliwa na mjukuu mwenye nia njema laweza kuwaka vile vile. Tena matapeli nao wana tochi.

Mimi nauamini zaidi uzi ulioishikisha beji. Chomoa ncha yake kidogo, uichome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka, ikawa kitone kigumu kama ushanga. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, na nguo za watu haikuziingia ila katika miaka ya hamsini. Basi beji ya 1944 iliyoshikiliwa na poliesta imeshonwa baada ya vita kwisha. Lakini hapo pia usikimbilie kumwita mtu mwizi. Nimekwisha kuona mjane aliyeishona upya beji ya mumewe kwa sababu uzi wa kwanza ulikuwa umeoza. Uzi husema lini. Hausemi kwa nini.

Kisha kuna tambo ya karatasi na namba, na hii ndiyo ninayoipenda, kwa maana haihitaji tochi wala kiberiti. Makoti ya Marekani yana kilebo ndani chenye namba ya mkataba wa kiwanda. Makoti ya wakati wa vita yalipitia bohari kuu ya jeshi iliyokuwa Philadelphia, na jina la bohari hiyo limeandikwa. Kuanzia 1962 ununuzi ulihamia kwa idara iliyoitwa kwa kifupi DSA, na mkataba huanza kwa herufi hizo, zikifuatwa na 100 kisha tarakimu mbili za mwaka wa serikali: DSA 100-67 maana yake 1967. Mwaka 1977 idara ikabadilishwa jina, ikawa DLA. Namba ya bohari nayo ilikuwa na tarakimu 11 mpaka 1974, zilipoongezwa mbili zikawa 13. Kwa hiyo ukiona namba ya nguo inayoanza 8415 kisha ikafuatwa na 00 au 01, ujue umepita 1974.

Elimu hiyo ilinisaidia hata nyumbani. Niliporudi Mombasa likizo, nilipita Kongowea katika mitumba, kijana mmoja akanipandishia bei ya jaketi zito la kijani, lile la mtindo wa 1965, akiapa kwamba lilipigana Vietnam. Nikalipindua. DLA. Saigon ilianguka Aprili 1975. Nikamwambia, "Mwanangu, jaketi hili halikuwahi kuiona Vietnam, labda katika televisheni." Akacheka, akanipunguzia. Sikulinunua hata hivyo, kwani lilikuwa limeliwa kwapani. Na vijana wetu watahadhari: sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa sare za jeshi, na nguo za mabakabaka zimewatia wengi mashakani. Kukusanya ni kitu kimoja, kutembea nazo barabarani ni kingine.

Kwa kuwa nimeutaja mji wa Mombasa, acha nitoke njiani kidogo. Nguo za Marekani si wageni kwetu. Zamani za Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja na pwani yote kitambaa cha pamba kigumu kisichotiwa rangi, na wazee wetu wakakiita marikani, jina ambalo bado tunalo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikaadimika, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi. Kila nikishika bitana ya koti la jeshi lao hukumbuka kwamba babu zetu walikwisha kuipapasa pamba hiyo kabla yangu, nao walijua kuikagua.

KOTI LA DOLA 450

Koti lenyewe nililipata katika soko moja la Jumapili. Lilikuwa la sufi ya rangi ya zaituni iliyofifia, fupi, lenye kuishia kiunoni, namna ile aliyoipenda Jenerali Eisenhower hata likaitwa kwa jina lake. Begani palikuwa na beji ya Divisheni ya 82, na juu yake utepe wa askari wa miavuli. Kifuani mabawa ya fedha. Kwenye ukosi, upande mmoja herufi U.S., upande wa pili bunduki mbili zilizopishana, alama ya askari wa miguu. Mikononi tepe mbili na herufi T chini yake, cheo cha fundi wa daraja la tano, kilichokuwapo toka 1942 hata 1948.

Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya imamu. Akanieleza kwamba mwenye koti aliruka Sisili Julai 1943, akaruka Normandia Juni 1944, akarudi kwao salama na kuishi kimya. Hakusema kwamba aliruka na koti hili, maana alijua kwamba aina hiyo ilikubaliwa rasmi mwishoni mwa 1944 tu. Alisema alirudi nalo nyumbani. Uwongo wa mtu mwerevu huwa na mlango wa nyuma.

Wakusanyaji wana wasia: nunua nguo, usinunue masimulizi yake. Sisi tuliokaa chuoni tunalijua neno hili kwa njia nyingine. Habari hata iwe tamu namna gani, kwanza huulizwa imepokewa kutoka kwa nani, naye kwa nani. Mimi sikuuliza. Tamaa ilinifunga macho, nikatoa dola 450 zilizokuwa za kodi ya nyumba, nikaenda zangu nikijiona nimemwibia mzee wa watu.

Usiku ule nikalitandaza koti juu ya meza, nikalipindua kama alivyonifunza baba.

Jambo la kwanza lilikuwa waziwazi, nami ningeliliona sokoni lau ningetazama. Chini ya mkono wa kushoto palikuwa na mistari mitatu ya dhahabu. Kila mstari maana yake ni miezi sita ng'ambo. Mitatu ni mwaka mmoja na nusu. Divisheni ya 82 iliondoka Marekani Aprili 1943, na vita vya Ulaya vilikwisha Mei 1945. Aliyekuwa nayo toka Sisili hadi mwisho alistahili mistari minne kwa uchache. Mtu wangu alikosa miezi sita.

La pili lilikuwa ukosi. Alama ya bunduki ilishikwa kwa pini mbili ndogo, lakini nilipoitoa, kati ya matundu yale mawili mapya palikuwa na tundu moja kubwa, la zamani, lililolegea na kuzungukwa na duara la kutu ya kijani. Hilo ni tundu la alama ya skrubu. Alama nyingine ilikaa pale miaka mingi.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Nilichoma ncha ya uzi wa beji, ukawa ushanga. Nikazikata nyuzi moja moja, nikaibandua beji. Beji ya 82 ni ya mraba. Chini yake, katika sufi, palikuwa na kivuli cha mviringo, mahali ambapo jua halikufika, rangi ikabaki mbichi kama siku ilipotoka kiwandani. Kandokando ya kivuli hicho palikuwa na matundu ya sindano, madogo, yaliyopangwa sawasawa kuzunguka ukingo wenye mawimbi. Niliijua beji ile: nyota ya buluu katika uwanja mweupe wenye ukingo mwekundu. Ni ya vikosi vya huduma, watu wa bohari, wa jikoni, wa malori. Sokoni hununuliwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Mtu aliing'oa, akaitupa, akashona ya dola mia badala yake.

Asubuhi nilimweleza mwenzangu mmoja mwenye kukusanya. Akanishauri niirudishe beji ilivyokuwa, kwa uzi wa pamba safari hii, kisha niliuze koti kwa mwingine. "Wewe ni fundi," akasema, "hapana atakayejua." Alisema kweli. Nina mikono ya kuidanganya tochi na kiberiti. Lakini ghishi ni ghishi hata ikitendwa kwa ufundi, na kuificha aibu ya bidhaa mbele ya mnunuzi, kila mmoja wetu amefunzwa hukumu yake toka utotoni. Nikalitundika koti kabatini, na hasara yangu pamoja nalo.

MOTO WA ST. LOUIS

Huenda utauliza, msomaji, kwani beji moja ina uzito gani? Majina ya askari si yameandikwa katika daftari za serikali?

Yaliandikwa. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghala kuu la kumbukumbu za wanajeshi, nje ya mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Uliwaka siku kadhaa. Faili baina ya milioni 16 na 18 ziliteketea. Kati ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini tangu 1912 hadi mwanzo wa 1960, asilimia 80 ya faili zao zikawa majivu, na nakala hazikuwapo. Kwa mamilioni ya familia, ushahidi wa alikokwenda baba ni barua chache, picha, na koti. Ukibadili beji begani, umeandika upya kitabu ambacho nakala yake ya pekee umeishika wewe.

Sheria ya Marekani inayajua baadhi ya mambo hayo. Nishani yao kuu kabisa ya ushujaa, Medal of Honor, haramu kuiuza. Mwaka 2006 ilipitishwa sheria ya kumwadhibu mtu anayejidai kuwa na nishani asizopewa. Mahakama Kuu ikaibatilisha 2012 kwa hoja ya uhuru wa kusema, na mwaka uliofuata ikaletwa nyingine inayomkamata yule tu anayesema uwongo huo ili apate fedha au manufaa. Hizo humhusu mtu anayejidai yeye mwenyewe. Bega la koti kuukuu halina wakili.

Ndani ya koti langu palikuwa na shahidi mmoja zaidi. Askari wa wakati ule waliamriwa kuzitia nguo zao alama ya dobi: herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba ya jeshi. Katika bitana, chini ya mfuko, niliiona imefifia kwa wino mweusi, herufi P na tarakimu nne. Tapeli hakuiondoa. Nadhani aliiacha kusudi, kwa kuwa alama ya dobi hulifanya koti liaminike zaidi.

Jalada kuu la taifa la Marekani limeweka katika intaneti orodha ya watu takriban milioni tisa walioandikishwa katika jeshi la nchi kavu wakati wa vita vile, iliyotoka katika kadi zao za kuandikishwa. Fanya hesabu nami. Tarakimu nne za mwisho hugawa milioni tisa kwa elfu kumi, wakabaki kama mia tisa. Wenye jina la P katika hao ni makumi tu. Namba za walioitwa kwa lazima kutoka Ohio na majimbo matatu ya jirani zilianza kwa 35, na koti nililinunua Ohio. Baada ya usiku tatu za kuchuja nilibakiwa na watu wanne. Mmoja wao, katika safu ya kazi aliyoifanya kabla ya vita, aliandikiwa: dereva wa basi, teksi, lori au trekta. Katika safu ya rangi, aliandikiwa mtu mweusi.

Nikanyamaza kwa muda. Jeshi la Marekani wakati ule lilitenga weusi na weupe, na halikuacha kisheria mpaka Rais Truman alipotoa amri yake Julai 1948. Askari weusi wa miavuli walikuwapo, wa batalioni ya 555, lakini mwaka 1945 walipelekwa Oregon kupambana na moto wa misituni, si Ulaya. Katika ndege za Divisheni ya 82 zilizokwenda Normandia hapakuwa na askari mweusi wa kuruka. Ikiwa huyu ndiye mwenye koti, basi tapeli hakumpa ushujaa wa bure. Alimfuta yeye, akamweka mzungu mahali pake.

Lakini wanne ni wanne, na dhana si ushahidi. Katika maktaba ya mji nilitafuta matangazo ya vifo katika magazeti ya zamani. Dereva alikuwa amekufa miaka mingi nyuma, na tangazo lilimtaja binti. Jina lake lilikuwamo katika kitabu cha simu. Nilisitasita juma zima, kisha nikapiga.

Mama yule alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye kutembea kwa fimbo. Nililiweka koti mezani bila beji yoyote, wala sikumwambia nilichokiona. Nilimwuliza tu, "Mama, unalijua hili?" Akalishika mkono, akaunusa, kisha akasema kaka yake aliuza vitu vyote vya nyumba kwa mkupuo baba alipofariki. Akaniuliza, "Nyota iko wapi?"

Wallahi nilisisimka. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake palikuwa na picha mbili, leseni ya udereva, na alama moja ya ukosi, ya shaba, yenye gurudumu, ufunguo na upanga, alama ya kikosi cha bohari. Baba yake alimpa aichezee alipokuwa mtoto. Nyuma yake palikuwa na skrubu. Niliomba ruhusa, nikaitia katika tundu la ukosi. Iliingia bila kulazimishwa, na duara la kutu likalingana na ukingo wake.

Akanieleza kwamba baba aliendesha lori huko Ufaransa, katika msafara ulioitwa Red Ball. Habari za msafara huo zimo katika vitabu: ulianza 25 Agosti 1944 na kwisha 16 Novemba, malori karibu elfu sita, usiku na mchana, ukibeba hadi tani 12,500 kwa siku moja za petroli, risasi na chakula kwa majeshi yaliyokuwa yakiwakimbiza Wajerumani. Kama robo tatu ya madereva walikuwa weusi. Vifaru bila petroli ni chuma tu. Binti aliwahi kuandika St. Louis kuomba faili ya baba yake, akajibiwa kwamba iliungua.

Nilimwachia koti. Pesa alinitolea, sikuzichukua, maana si yeye aliyenidanganya. Lakini aliniomba jambo lililonitia tabuni kuliko hasara: niishone nyota mahali pake.

Mkusanyaji atakwambia usishone. Kivuli kitupu ni ushahidi. Beji yoyote utakayoitia, hata iwe ya mwaka ule ule na nyuzi zile zile, si ile. Kesho koti litauzwa tena, na mtu mwingine atalipindua juu ya meza usiku akutane na kazi yangu. Nilimweleza Mama hayo yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana, mimi sina meza. Nina ukuta, na nataka nimwone baba."

Nilitafuta nyota ya kale, ya pamba, yenye ukingo uliokatwa. Niliipata Louisville kwa dola tatu. Niliishona kwa mkono, nikipita katika matundu yale yale ya zamani, bila kutoboa jipya hata moja. Uzi niliotumia ni wa pamba, lakini niliuchagua rangi ya samawati upande wa ndani, rangi ambayo jeshi halikuitumia kabisa. Kisha nikakata kipande cha marikani nilichotoka nacho Mombasa, nikaandika juu yake kwa wino wa dobi jina langu, tarehe, na kwamba beji hii nimeishona mimi kwa ombi la binti yake mwenye koti. Nikakipachika katika bitana, chini ya herufi P.

Kwa kazi hiyo nilimtoza dola 12, bei ya kawaida ya duka.